Kuchora mimea wakati wa tibakemikali (dawa kali za saratani): aanze vipi?

Swali: Vidole vya mgonjwa vina ganzi na harufu kali humtapisha, ila anatamani sana kuchora majani. Atumie nini?

Jibu: Poleni. Rangi za maji. Za mafuta ziacheni, tapentaini, kiyeyushi chake chenye harufu kali, itamchefua. Karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba, maana nyepesi hujikunja ikilowa. Mpini wa brashi uzungushieni sponji hadi unene wa kidole gumba, usimponyoke. Dakika 15, kisha apumzike.

Jibu: Naongezea: seli nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, zikishuka, asiguse udongo wala maji ya chombo cha maua, yana bakteria na kuvu. Mwekeeni kiti dirishani achore mti ulio nje, hata tawi moja tu.