CG125 ya zamani: nibaki na 6V na platini, nihamie 12V na CDI, au nichanganye?

KikiBaridi

Wakuu, habari zenu. Nina pikipiki ya Honda CG125 ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ninayoifufua mwenyewe nyumbani. Upande wa injini nimemaliza: silinda imechongwa na kuvishwa pistoni ya saizi 0.50, valvu zimesagwa, kabureta imefunguliwa mpaka jeti ya mwisho, tangi limetolewa kutu. Inawaka na kunguruma vizuri. Kilichobaki ni umeme, na njia ziko tatu:

A. Ibaki kama ilivyotoka kiwandani, 6V na platini (zile nyuso mbili za chuma zinazofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche). Ninunue platini mpya, kondensa mpya, betri mpya, basi.

B. Nitoe kila kitu. Niweke sumaku inayozunguka, stata (koili zilizotulia zinazozalisha umeme) na CDI (moto wa kielektroniki usio na platini) vya matoleo ya baadaye yaliyokuja na 12V.

C. Platini ziendelee kuwasha plagi, lakini taa, honi na chaji vihamie 12V kwa kurekebisha stata iliyopo na kuongeza regyuleta ya kudhibiti volti.

Matumizi yangu ni ya kila siku, na jioni narudi gizani. Taa ya mbele kwa sasa inaangaza tairi lake tu. Indiketa nikiwa nimesimama zinakataa kupepesa kabisa. Mngekuwa ninyi mngefanya lipi?

Mzee wa Platini

A, bila kujiuliza mara mbili. Watu wanazisingizia platini makosa ya kondensa. Kondensa ikichoka, cheche inarukia kwenye platini zenyewe badala ya kwenye plagi, uso mmoja unaota kilima na wa pili unachimbika shimo. Mtu anapiga msasa, inakwenda wiki moja, inarudi palepale, halafu anasema platini ni za kizamani. Badilisha kondensa na platini kwa pamoja, weka mwanya kati ya 0.3 na 0.4 mm, paka grisi kidogo sana kwenye kile kipande cha manyoya kinachogusa kamu, ile inayozungukia na kuzifungua platini. Kamu ikikauka, inasaga kisigino cha platini na mwanya unafunga polepole, taiming (wakati wa kutoa cheche) inachelewa, pikipiki inakuwa nzito na wewe hujui kwa nini.

Kizuri cha platini ni kwamba zinakufa kwa taratibu. Zinakupa taarifa. CDI inakata moto katikati ya safari na hakuna cha kupiga msasa pale.

Dada Koili

Mzee wa Platini, shikamoo, lakini hapo mwisho umeegemea upande mmoja. CDI haina kinachosuguana. Koili ya chaji kwenye stata inajaza kapasita kwa volti zaidi ya 200, pikapu (kihisi kinachofuata mzunguko wa sumaku) ikitoa ishara kapasita inamwagwa yote kwenye koili ya moto kwa mkupuo. Plagi iliyolowa mafuta kidogo, ambayo platini zingeikatia tamaa, CDI inaichoma. Na taiming ukiiweka imekaa, hakuna kisigino cha kulika.

Ila KikiBaridi, ukienda B usinunue kwa picha. CG imeigwa na viwanda vingi mno, na stata zake ziko za idadi tofauti ya koili. Angalia haya kabla hujatoa hela:

Sumaku na stata lazima viwe jozi moja. Stata ya huku na sumaku ya kule vinaweza kuingia vizuri kabisa na visitoe moto, kwa sababu ncha za sumaku hazilingani na koili.

Koni ya krenki (ncha ya shafti ya injini inayobeba sumaku) ilingane na tundu la sumaku. Paka wino wa kalamu kwenye koni, vaa sumaku kwa mkono, izungushe kidogo, itoe. Wino ukifutika pande zote, inakaa. Ukifutika ukingoni tu, acha. Nati itakaza lakini ufunguo mdogo wa krenki ndio utakaobeba mzigo wote, na utakatika.

Na sumaku ya zamani itoe kwa pula yake (kifaa cha kuivuta), usiigonge kwa nyundo. Sumaku inapasuka, au krenki inapinda, na hapo utaanza upya injini uliyokwisha kuimaliza.

Nusu_Spana

Nje ya mada kidogo: hizo skurubu za mfuniko wa pembeni umezifunguaje bila kuzila vichwa? Zangu zote zimegeuka duara.

KikiBaridi

@Nusu_Spana Bisibisi ya JIS, yaani ya kiwango cha Kijapani. Skurubu za Kijapani za zamani zinafanana na zile za nyota za kawaida, lakini mfereji wake ni tofauti kidogo. Bisibisi ya kawaida haikai hadi chini, ukiikaza inapanda juu na kula kichwa. Zikiwa na kinukta kimoja kidogo kichwani ujue ni JIS. Zilizogoma nilitumia bisibisi ya kugonga.

Ampea

Kabla ya A, B au C kuna swali ambalo hakuna aliyeuliza: je, hiyo taa ni hafifu kwa sababu ya 6V, au kwa sababu ya nyaya zenye umri wa zaidi ya miaka 40?

Chukua balbu ya wati 25. Kwenye 6V inavuta zaidi kidogo ya ampea 4. Kwenye 12V inavuta ampea 2 na kidogo. Sasa tuseme njia yote, yaani swichi, viunganishi vyenye kutu ya kijani na ethi (njia ya umeme kurudi) ya fremu iliyopakwa rangi, ina ukinzani wa omu 0.2. Si kitu kikubwa, macho hayaoni. Kwenye 6V unapoteza takriban 0.8V, yaani karibu asilimia 14. Kwenye 12V unapoteza 0.4V, kama asilimia 3.5 tu.

Na balbu ya waya wa moto haipungui mwanga sawasawa na volti. Inaporomoka kwa kasi zaidi. Asilimia 14 ya volti ikipotea, mwanga unaopotea ni kama asilimia 40. Ndiyo maana 12V inaonekana ya ajabu kwa watu wengi: inasamehe nyaya mbovu. 6V haisamehi.

Kwa hiyo chukua mita. Washa injini, weka taa, pima volti kwenye miguu ya balbu yenyewe, halafu pima pale waya unapotokea kwenye stata. Kumbuka kuweka mita kwenye AC (umeme wa kwenda na kurudi) kama taa yako inalishwa moja kwa moja na stata. Ukivuta mafuta na taa ikang'aa zaidi, dalili ni hiyo. Tofauti ikizidi nusu volti, usinunue chochote kwanza. Safisha.

Mzee wa Platini

@Ampea huyu ndiye mtu ninayemtafuta siku zote. @Dada Koili marahaba mwanangu, lakini bado sijahama.

Ampea

Narudi kwa ajili ya C, maana ndiyo inayozungumziwa kwa mkato sana mitandaoni na ndiyo yenye mtego.

Jenereta ya sumaku haijui kama ni ya 6V au 12V. Koili zinatoa volti kadiri injini inavyozunguka, na kinachozizuia zisipande ni mzigo, betri na regyuleta. Kwa hiyo stata ileile inaweza kuchaji betri ya 12V, mradi utoe mwisho wa koili ya taa kwenye ethi, uuletee waya wake, na ncha zote mbili ziingie kwenye regyuleta yenye rektifaya (kigeuza AC kuwa umeme wa betri) ya wimbi zima. Hapo unavuna pande zote mbili za wimbi, ambazo awali nusu ilikuwa inapotea.

Mtego wa kwanza ni mzunguko wa chini. Injini ikiwa imetulia, stata haifiki 12V, na betri ndiyo inayolisha kila kitu. Ukiwa mtu wa foleni ndefu na taa ya wati 35, utaikausha betri. Punguza mzigo: taa ya nyuma na indiketa ziwe LED, na kipepesi cha indiketa kiwe kile kinachofaa LED, la sivyo zitapepesa kwa kasi ya kichaa au ziwake moja kwa moja.

Mtego wa pili ndio mkubwa. Ni lazima ujue moto wa plagi unatoka wapi. Fanya hivi: injini ikiwa imezimwa, chomoa betri, zima taa zote, weka swichi, piga kiki. Ikiwaka, moto wako una koili yake kwenye stata na haujali betri ni ya volti ngapi. C inakufaa. Izime mapema usiivute, maana bila betri volti zinaweza kupanda na kuunguza balbu. Isipowaka, koili ya moto inalishwa na betri. Hiyo ukiipa 12V wakati imetengenezwa kwa 6V itachemka, na platini zitaungua pamoja nayo. Lazima ubadilishe koili pia.

Bati na Rangi

Mimi natazama upande mwingine. Hii si pikipiki ya kuweka sebuleni, sawa, lakini siku moja mtu atataka kuirudisha ilivyokuwa, labda wewe mwenyewe. B inaondoa kila kitu, ila ukikihifadhi kwenye boksi chenye grisi hujapoteza kitu. C inahitaji ufungue solda kwenye stata ya asili, na waya wa koili za umri huo unakatika kwa kuutazama vibaya. Kwa maana hiyo B, ambayo inaonekana ni kubwa, ndiyo rahisi kuirudisha nyuma. Usikate nyaya za zamani. Tengeneza mpya kandokando yake, uiweke ile nzima na lebo zake.

Tena, msije mkamwambia atie LED kwenye taa ya mbele. Kioo cha nyuma cha taa ile kimepindwa kwa ajili ya waya mdogo wa balbu uliokaa mahali pamoja. LED nyingi zinamwaga mwanga kila upande, barabara haioni kitu na anayekuja mbele anapofuka.

Dada Koili

@Bati na Rangi hilo la kurudisha nyuma sikuwa nimelifikiria, na linanisaidia. Naongeza: LED kwenye stata inayotoa AC moja kwa moja inapepesa, hasa injini ikitulia. Mtu anaichoka ndani ya usiku mmoja.

Nusu_Spana

Kwa hiyo jamani jibu ni lipi? Mimi nina CG pia, nasubiri hapa na kalamu.

KikiBaridi

Nimefanya vipimo vya Ampea.

Betri ikiwa nje, imewaka. Kwa hiyo plagi ina koili yake kwenye stata.

Kwenye miguu ya balbu nimepata 4.9V, kwenye waya wa stata 6.1V. Zaidi ya volti nzima ilikuwa inapotea njiani. Nimekwangua rangi pale ethi inapofungwa, nimeosha swichi ya taa, nimevuta waya mpya mnene kidogo kwenda taa ya mbele. Sasa balbu inapata 5.8V. Barabara naiona. Si mchana, lakini shimo naliona kabla sijaingia.

Zile indiketa bado. Injini ikitulia na mguu uko kwenye breki, taa ya breki inazinywea umeme wote.

Naegemea C. Platini sizigusi kwa sababu zinafanya kazi na mzunguko wake umejitenga. Kabla sijafungua stata nitanunua stata nyingine iliyotumika ya aina ileile niirekebishe hiyo, ya asili iende kwenye boksi la @Bati na Rangi.

Dada Koili

Utarudi kwangu siku kondensa ikichoka. Ukirekebisha hiyo stata, ile solda ya ethi usiivute. Ipashe moto hadi iyeyuke, waya utatoka wenyewe. Funika mwisho kwa mpira wa kusinyaa, na ufunge kwa uzi, si utepe wa gundi. Ndani mle kuna joto na mtetemo.

Ampea

Ukimaliza, pima chaji kwenye betri injini ikizunguka katikati: inatakiwa iwe kati ya 14.0 na 14.5V. Ikizidi 15 regyuleta haikati, zima mara moja. Fyuzi iwe karibu kabisa na chanya ya betri, si kule mbele kwenye taa. Balbu zote, honi na kipepesi viwe vya 12V kabla ya kuwasha mara ya kwanza, hata kile kitaa kidogo cha gia huru. Watu wanakisahau kila mara.

Mzee wa Platini

Na mwanya wa platini upime tena baada ya kurudisha hiyo stata, maana bamba lake ukilifungua huwezi kulirudisha palepale kwa jicho. Kuna alama ya F kwenye sumaku. Platini zinapaswa kuanza kufunguka alama hiyo ikilingana na ile ya kwenye injini. Ukiwa na mita tumia mlio wake. Karatasi ya sigara pia inafaa: ibane kati ya platini, zungusha sumaku taratibu, inapoachia ndipo zinapofunguka.

Nusu_Spana

@KikiBaridi ukifungua stata piga picha rangi za nyaya kabla ya kugusa kitu, uzitupie hapa. Zangu mwenye pikipiki wa kwanza alizibadilisha zote zikawa nyekundu.