Kinyama cha kongosho hakina saratani, mbona daktari anataka kurudia?

Binti wa mgonjwa: Shikamooni wakubwa. Baba, miaka 68, ana uvimbe wa sentimita 2.5 kwenye kichwa cha kongosho. Alianza na macho ya njano na mkojo uliokolea. Wiki jana amefanyiwa endoskopi yenye altrasaundi, sindano ikachukua kinyama. Majibu: seli za saratani hazikuonekana. Nyumbani tulilia kwa furaha. Leo daktari anasema kwenye picha ya dawa ya viputo uvimbe ulibaki mweusi, anataka kuchoma tena. Baba amechoka. Tukubali?

Muuguzi wa endoskopi: Pole sana, mdogo wangu. Nimesimama kwenye chumba hicho miaka mingi. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, na altrasaundi ya juu ya ngozi huzuiwa na hewa. Hii ya endoskopi iko ndani kabisa, kati yake na kichwa cha kongosho ni ukuta wa utumbo tu, ndiyo maana huona hata uvimbe mdogo ambao sitiskani imeupita. Viputo ni vya gesi, vidogo mno, huchomwa mshipani, husafiri na damu na kung'aa kwenye picha. Saratani ya kawaida ya kongosho ina nyuzi ngumu nyingi na damu kidogo, basi kongosho liking'aa, yenyewe hubaki nyeusi. Picha hiyo haithibitishi saratani, lakini shaka yake ni ya kweli.

Sasa nyuzi hizohizo ndizo zinazoidanganya sindano: inatoka na nyuzi, au na sehemu iliyokufa, seli zenyewe zimebaki pembeni. Majibu yale ni ya kile kipande, si ya uvimbe mzima. Muulize daktari kama kipande kilitosha, na kama safari hii atatumia sindano ya kukata tishu huku viputo vikimwonyesha pa kulenga.

Niliyerudiwa: Mimi kinyama cha kwanza hakikusema kitu. Cha pili kikaonyesha kongosho langu linashambuliwa na kinga ya mwili wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshaandaliwa kwa upasuaji mkubwa, nikatibiwa kwa vidonge vya steroidi. Ulizeni pia kipimo cha damu cha IgG4, kingamwili ambayo mara nyingi hupanda kwenye ugonjwa kama wangu. Kurudia si lazima kulete habari mbaya, dada.

Binti wa mgonjwa: Asanteni mno. Nimeitoa karatasi ya majibu nikaisoma yote. Chini ya ule mstari tuliousherehekea kuna mwingine: "Seli ni chache, sampuli haitoshelezi." Hakuna aliyetusomea huo. Nimemwonyesha baba. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza anatakiwa aache kula kuanzia saa ngapi.