Naandika historia ya Lari, wazee wanataka sura moja iondolewe. Naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Nakusanya simulizi za wazee wa kwetu Lari, Kiambu, kuhusu usiku wa Machi 26, 1953. Sura ya kwanza haina ubishi: wapiganaji wa Mau Mau walifunga milango ya nyumba za kamatimu (walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni) kwa nje, wakazimwagia petroli na kuzichoma. Waliojitahidi kutoka walikutana na mapanga. Wengi waliokufa ni wanawake na watoto.

Ugomvi uko kwenye sura ya pili. Usiku uleule na siku zilizofuata, kamatimu, polisi na askari waliwasaka majirani waliowashuku, wakawaua. Serikali ya kikoloni ilitangaza maiti za kwanza, hizi nyingine ikazinyamazia. Mzee ambaye baba yake alikuwa kamatimu ananiambia nikichapisha hayo nitakuwa nimewatukana walioteketea. Familia za waliouawa na kamatimu nazo zinataka nipunguze habari za watoto. Nifanyeje?

Mwana_Kiambu: Usipunguze chochote. Ila anzia nyuma, kwenye ardhi ya Tigoni, hukohuko Kiambu. Watu walihamishwa kuwapisha walowezi wa Kizungu, na chifu Luka Wakahangara alipokubali kubadilishana ardhi, wenzake waliona amewauza. Aliuawa usiku huo. Ukiruka hapo, msomaji ataona kama majirani waliamka tu wakaanza kuchinjana.

Msomi wa Kale: Kasome kesi kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi. Watu 71 walinyongwa kwa ajili ya Lari. Lakini soma kwa tahadhari, maana mashahidi wengi ndio haohao waliofiwa. Kwa mauaji ya pili usitarajie mafaili manene hivyo. Hapo simulizi zako ndizo zitakazobeba mzigo.

Mjukuu: Babu yangu mzaa baba alikuwa kamatimu, mzaa mama aliwekwa kizuizini. Kwa hiyo nakusihi, usiandike "ukoo fulani uliua". Andika fulani alifanya nini, ikiwa unao mashahidi wawili wasiojuana. Kama huna, andika "kundi la kamatimu" uishie hapo. Watoto wao hawakushika panga.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. Na yule mzee, nimwonyeshe rasimu kabla?

Mjukuu: Msomee kwa sauti, sura zote mbili. Akisahihisha jambo, lichunguze. Akisema futa, mwombe aeleze anavyojua yeye, uyaweke maelezo yake humohumo kwa jina lake akiridhia.