Ushauri wa haraka: nitajuaje kama ramani hii ni chapa ya kwanza ya 1570?

Kobe Msafiri: Wakuu, habari. Nina ramani ya Afrika ya Ortelius, yule mchora ramani wa karne ya 16, Africae Tabula Nova, imeandikwa 1570 kabisa. Kuna mtu anaitaka na kesho anasubiri jibu. Nimwambie ni chapa ya kwanza? Siku ya tatu hii usingizi hauji.

Karatasi Kuukuu: Mkuu, 1570 ni mwaka wa kuchonga bamba, si wa kuchapa. Bamba la shaba likishachongwa hupigwa chapa miaka na miaka. Theatrum Orbis Terrarum, atlasi ya Ortelius yenye ramani hiyo, ilitoka Antwerp Mei 1570 ikiwa na ramani 53, ikaendelea kuchapwa hadi 1612, na Ortelius alikuwa ameshafariki tangu 1598. Geuza nyuma: maandishi ni ya lugha gani, na namba ya ukurasa ni ipi? Toleo la kwanza ni Kilatini. Ukikuta Kiholanzi, hiyo ni 1571 kuja mbele.

Mzee wa Dira: Mimi nilikuwa na atlasi isiyo na mwaka. Nikapekua nchi. Zaire ipo, basi ni baada ya 1971. Zimbabwe ipo, basi ni 1980 au baadaye, lakini mji mkuu bado Salisbury, na jina la Harare lilianza 1982. Nikajiona mpelelezi. Mke wangu akafungua jalada, akanionyesha mwaka umechapwa ndani.

Kobe Msafiri: Asante mzee, ila yangu si ya enzi za Zaire. Nyuma ni tupu.

Karatasi Kuukuu: Tupu? Ramani za Theatrum zina maandishi nyuma. Pitisha kidole pembezoni, utagusa bonde dogo lililoachwa na bamba. Halafu tumia lenzi: ukiona vitone vya rangi vimejipanga kama gwaride, hiyo ni nakala ya mashine za juzi tu.

Bi Lenzi: Na kitabu chake kiko wapi? Ramani hiyo haikuzaliwa peke yake.

Kobe Msafiri: Kitabu kipo.

Bi Lenzi: Kipo WAPI?

Kobe Msafiri: Kwangu. Haya, niseme tu. Niliitoa mwenyewe kwa wembe, taratibu, kwa rula. Ramani moja moja huuzika upesi kuliko kitabu kizima, hilo kila mtu analijua. Na ukurasa ulishaanza kulegea. Kisha nikaibandika kwenye kadibodi isijikunje. Nimeuliza mwaka, sijaomba hukumu.

Ngumi Jiwe: Daktari kamtoa mgonjwa moyo, sasa anauliza ana umri gani 😂

Mwalimu wa Zamu: Kitabu kimepita vita, panya na mafuriko miaka mia nne, kikaja kuuawa na rula. Vijana mna haraka jamani.

Kobe Msafiri: Panya nao walikuwa na haraka mwalimu, kona moja wameila.

Sina Imani: Hii chai. Kwanza nyuma tupu, sasa imebandikwa. Kama imebandikwa, huo utupu uliuonaje? Picha hakuna, mnunuzi wa kesho hana jina. Mwenye kitabu cha karne ya 16 haji kuuliza huku.

Ngumi Jiwe: Chai yenye tangawizi. Nasubiri sehemu ya pili.

Kobe Msafiri: Nilimaanisha nyuma ya kadibodi ni tupu! Nikiiweka kwenye taa, herufi zinaonekana kwa mbali. Kama Kilatini hivi.

Sina Imani: Nyuma ya kadibodi. Sina neno.

Mzee wa Dira: Mimi namwamini. Mtu wa kutunga angejipamba, asingejitia aibu namna hii.

Karatasi Kuukuu: Iwe chai au isiwe, jibu limo kitabuni. Usiibandue kadibodi mwenyewe, na maji usiyaguse. Ukurasa wa kichwa upo?

Kobe Msafiri: Haupo. Niliukuta haupo, naapa.

Karatasi Kuukuu: Basi tazama ramani ya dunia mwanzoni. Bamba la 1570 liliipa Amerika Kusini nundu kubwa upande wa kusini-magharibi. Bamba la 1587 liliiondoa.

Sina Imani: Sasa ataijia na nundu, mtaona.

Kobe Msafiri: Nimeifungua. Kitabu bado kina ramani nyingi sana, nimehesabu hadi 80 nikachoka.

Bi Lenzi: Nundu, baba. Tunauliza nundu.

Kobe Msafiri: Nundu ipi?