Mwembe wa dani (nyanya yangu) umeoza ndani, nijaze simiti?

MwanaAhero: Wadau nisaidieni haraka. Tuko na mwembe hapa Ahero babu aliupanda kabla baba azaliwe, bado unazaa zile embe za nyuzi. Upepo ulivunja tawi likaacha shimo kwa shina, ukiingiza mkono unatoka na unga wa mbao. Fundi anasema tukwangue tujaze simiti. Ni sawa?

Mpanda_Kakamega: Wacha simiti. Mti unacheza na upepo, simiti haichezi, na maji yanabaki ndani kuvu inazidi kula. Usikwangue pia, mti hufungia uozo kwa ukuta wake wenyewe, ukikwangua unaubomoa. Mti wenye tundu unaweza kuishi miaka mingi, uhai uko karibu na gome. Kuna uyoga pale chini?

Bahati_Farm: Sisi Nakuru tulikuwa na avokado hivyo hivyo, mzee akakataa ikatwe, ikaangukia banda la ng'ombe usiku na hakukuwa hata na upepo.

MamaWawili: Vijana mnakula embe tu, hakuna anayeangalia mti mpaka uoze. Aibu.

Mpanda_Kakamega: Omera, uyoga uko ama hauko?

MwanaAhero: Uko. Mgumu wa kahawia, umetokea kwa mizizi. Na mti umeinamia jikoni, dani hulala huko. Lakini simiti nishanunua, fundi anakuja kesho, na dani hataki kusikia pawa soo kwa sababu babu amezikwa hapo kando.

Mpanda_Kakamega: Sasa hilo ndilo swali! Huo uyoga unaonyesha mizizi na kitako vinaoza, majani yanaweza kuwa kijani kabisa na mti uanguke. Dani ahame jikoni leo leo. Huo ni wa kukatwa.

Jicho254: Hii ni stori ya kutunga. Ahero ni mpunga, miembe ya babu imetoka wapi? Huyu anauza mbao.

MwanaAhero: Mpunga uko kwa skimu bro, kwa maboma miembe imejaa. Sina mbao ya kuuza, niko na dani. Simiti nitarekebishia sakafu, lakini kumwambia akate siwezi.

Mpanda_Kakamega: Mwambie embe yake haipotei. Tafuta miche ya mwembe ya unene wa penseli kwanza, vikonyo (vijitawi vya huo mti vya kuunga kwa miche) vikikatwa havikai, halafu umwite mtu wa kupandikiza kabla ya mtu wa pawa soo. Chukueni vikonyo juu kwa matawi yenye afya.

MwanaAhero: Miche iko kwa jirani. Leo dani atalala kwa mama, hilo amekubali.