Jubako la zamani toka soko la Toji: nitajuaje ni urushi kweli, na sebuleni niliweke wapi?

mkazi_wa_kyoto
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo. Niko Kyoto kimasomo na huku kila tarehe 21 hekalu la Toji kunakuwa na soko la vitu vya zamani, basi nimenunua jubako, yale maboksi ya kupanga moja juu ya jingine ambayo Wajapani wanawekea vyakula vya mwaka mpya, langu ni la ngazi tatu, jeusi nje jekundu ndani, kwenye kifuniko kuna korongo wa dhahabu wanaruka. Aisee ni zuri jamani!! Muuzaji kasema ni urushi tupu, ile rangi ya utomvu wa mti, juu ya mbao ila mi macho ya kulijua hilo sina. Nataka liwe pambo la sebuleni, kuna shubaka karibu na dirisha nadhani litapendeza. Sasa nitajuaje sio plastiki, na hapo dirishani ni sawa? Alafu kuna mtu kaniambia utomvu wa huo mti unawasha mwili, na nina mtoto mdogo ndani.

fundi_seremala
Hongera mkuu. Nianze na la mtoto, utomvu mbichi ndo unaowasha, tena vibaya, watu wanaoanza kazi hiyo wanavimba mikono, ila ukishakauka ukawa mgumu hauna neno, Wajapani wanakunywea supu humo miaka yote. Na ukaukaji wake ni wa ajabu kidogo, haukauki kwa jua wala upepo, chombo kinawekwa kwenye kabati lenye joto kama nyuzi 20 hadi 30 na unyevu wa hewa asilimia 70 mpaka 85 ndo urushi inashika, tena tabaka moja moja, wanasugua wanapaka tena. Mti wenyewe wanaulea miaka 10 hadi 15, wanaugema msimu mmoja, unatoa kama gramu 200 tu alafu wanaukata. Kwa hiyo mtu akikuuzia kipya kwa bei ya sahani ya plastiki ujue sio.

Kuangalia: geuza chini na kwenye kona za ndani, plastiki mara nyingi ina mstari wa kalibu. Ligonge kwa kidole, mbao ina sauti nzito isiyolia na boksi lenyewe linakuwa jepesi kuliko unavyotegemea. Angalia kingo zilizolika, ukiona mbao au nyuzi za kitambaa chini ya rangi hapo umepata. Kwa hao korongo, tega mwanga wa ubavuni, makie ya kweli, yaani hiyo michoro ya dhahabu, fundi anachora kwa urushi alafu anainyunyizia vumbi la dhahabu kabla haijakauka, kwa hiyo utaona mistari inapanda na kushuka, mwingine mzito mwingine mwembamba. Ya kuchapwa iko bapa, na ndege wote wanafanana kila kitu.

mama_wawili_london
Kaka toa hapo dirishani leo leo tafadhali. Jua ndo adui namba moja wa urushi, nyeusi inapauka inakuwa kahawia, mng'ao unakufa, baadae inapasuka vimistari vidogo vidogo, na ikishafika hapo hairudi. Huku kwetu London pale jumba la makumbusho la V&A kuna sanduku la Mazarin, la Japani, la miaka ya 1640 hivi, na hata hilo mwanga uliliumiza mpaka likahitaji kazi kubwa ya kulihifadhi. Weka ukuta wa ndani ambako jua halifiki. Na hita ya majira ya baridi isilipulizie, mbao inasinyaa urushi inabanduka. Ukilifungia kwenye kabati la kioo weka na glasi ya maji humo.

msafiri_noto
Naunga mkono la jua ila mi nasema usiligeuze sanamu. Lile ni chombo cha chakula, siku ya sikukuu pakia vitu, baadae osha na maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kwa kitambaa laini, kausha hapo hapo, usiloweke, usiguse na spiriti wala maikrowevu. Hapo juu kwenye dhahabu pangusa tu bila kusugua. Nilifika Wajima, mji wa mafundi wa urushi huko Noto, Japani, wanachanganya urushi na udongo wa kule uliochomwa na kusagwa, wanapaka tabaka za chini, sehemu dhaifu wanabandika kitambaa kwanza, ndo maana vyombo vyao vinatumika vizazi. Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko likawapiga, moto ukateketeza zaidi ya majengo 200 pale mtaa wa soko la asubuhi, karakana nyingi ziliharibika. Inaniuma sana. Ukipata hela siku moja nunua hata bakuli moja kwao.

mkazi_wa_kyoto
Ahsanteni sana, nimeshalihamisha! Nimegeuza chini hakuna mstari, na kwenye kona moja pamechubuka naona kabisa kitambaa. Hapo kwenye mchubuko pana kipande kinacheza kidogo, nigandishe na supaglu?

fundi_seremala
Hapana hapana, supaglu usiguse, fundi atakayekuja kulitengeneza itabidi aanze kuikwangua hiyo kwanza. Wenyewe wanaunganisha kwa urushi hiyo hiyo iliyokandwa na unga wa ngano. Kyoto mafundi hao wapo, lipeleke. Kwa sasa funga kitambaa laini kuzunguka kona, kipande kisidondoke kikapotea.