Yule bwana wa funguo pale stesheni ya zamani amenivunjia heshima mbele ya wapwa zangu, na safari hii sinyamazi

Mwana wa Ngamiani (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam. Naandika huku mikono bado inatetemeka na chai niliyomiminiwa imekwisha kupoa, kwa hiyo mtaniwia radhi iwapo baadhi ya sentensi zitakuwa na ncha. Sitamtaja mtu. Sina haja ya kumtaja, kwa sababu hakuna mkazi wa Tanga aliyewahi kuvuka reli kutoka Ngamiani kwenda mjini asiyemjua: ni yule bwana wa kofia, mwenye mzigo wa funguo unaotosha kufungua magereza yote ya Afrika Mashariki, ambaye hakuna ajuaye aliajiriwa na nani, lini, wala kwa kazi gani.

Leo niliwapeleka wapwa zangu kuiona stesheni. Watoto hawa wanaishi Dodoma, na treni wanayoijua ni ile ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inayoteleza kimya huku abiria wakitazama simu zao. Babu yao alifanya kazi relwe hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na nilitaka waelewe kwamba kabla ya viyoyozi vyao kulikuwa na watu waliobeba mataruma mabegani katika jua la Tanga. Hilo si kosa. Mjomba kuwaonyesha wapwa zake walikotoka si kosa katika dini yoyote ninayoijua.

Basi nimesimama kando ya jukwaa, nimeanza maelezo yangu kwa utaratibu. Nimewaeleza kwamba Wajerumani walianza kuitandika reli hii hapa mwaka 1893, kwamba ilifika Muheza mwaka 1896, yaani miaka mitatu kwa mwendo wa kilomita zipatazo 40, kasi ambayo hata kobe wa Changuu angeiona ni dharau, na kwamba kampuni iliyopewa kazi iliishiwa fedha hadi serikali ya kikoloni ikaichukua reli yenyewe mwaka 1899. Nikawafikisha Korogwe mwaka 1902. Watoto wametulia, na yule mdogo ametoa daftari anaandika. Hapo ndipo alipotokea.

Alitokea na kashata mkononi. Naomba mkumbuke hiyo kashata. Nilimsalimu, maana mimi nililelewa, hakuitikia. Alisikiliza kidogo, akatafuna, kisha akauliza kwa sauti iliyosikika Pangani na pengine hata Pemba: "Mzee, nani amekupa kibali cha kueleza?"

Kibali cha kueleza! Angeniuliza kibali cha kupiga picha ningemwelewa, na angenikataza kukanyaga reli ningemshukuru kwa kunijali. Yeye anataka kibali cha kueleza, kana kwamba mwaka 1893 umefungiwa katika kabati na ufunguo wake ni mmojawapo kati ya ile aliyoibeba.

Kisha, na hapa ndipo damu iliponipanda, akawageukia watoto, akawanyooshea ile kashata iliyokwisha kumegwa, akasema: "Reli ya nchi hii ilianzia Dar es Salaam. Huyu anawachosheni bure." Dar es Salaam! Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka huo sisi tulikuwa tumeshafika Mombo. Mombo, wanajamvi! Wao wanapima mstari, sisi tunapakua mizigo chini ya milima ya Usambara.

Tangu turudi nyumbani sina amani. Nimeomba chumvi mezani, mpwa wangu mdogo akaniuliza: "Mjomba, una kibali?" Nimepiga chafya, nikaulizwa kibali. Dada yangu, ambaye nilitegemea angemkemea mwanawe, ameingia jikoni kucheka. Ninaomba yeyote mwenye mamlaka amuulize bwana huyu yeye mwenyewe alipewa kibali na nani. Ningekuwa na hoja nyingine ningeiandika, lakini kila nikianza kuitafuta naiona ile kashata.

Kota za Relwe

Pole sana, mkuu. Bwana huyo namfahamu vizuri, na ninathibitisha kila neno isipokuwa lile la Pemba, kwa kuwa siku hiyo upepo ulikuwa wa kusi. Mimi aliwahi kumfukuza mbuzi wangu kwa madai kwamba hana tiketi, katika stesheni ambayo treni ya abiria haijaonekana tangu miaka ya tisini. Mbuzi yule alikuwa mtulivu kuliko abiria wengi niliowahi kusafiri nao, na tangu siku ile amekuwa akiogopa kila mtu mwenye kofia, akiwemo shemeji yangu.

Binti Chumbageni

Nimeusoma uzi huu kwa makini nikitafuta kosa la huyo bwana, na nimeona kashata tu. Mleta uzi atueleze jambo moja: je, alimkaribisha? Kama hakumkaribisha, hilo ndilo la kujadiliwa hapa, maana Tanga niliyokulia mimi mtu hatafuni mbele ya wageni bila kusema "karibu." Haya mengine ya mwaka 1893 tuwaachie wenye nafasi.

Mwana wa Ngamiani

Hakunikaribisha! Asante kwa kuniongezea ubaya ambao sikuwa nimeuhesabu. Alitafuna peke yake, akamaliza, akajifuta kwa kofia ileile ya madaraka. Lakini dada, nakuomba usiuhamishe uzi. Kashata ni shahidi tu. Mshtakiwa ni kibali.

Nyuki wa 1914

Hili la vibali lingefaa kuchunguzwa tangu zamani. Novemba mwaka 1914, Waingereza walipoleta majeshi yao kutoka India kuiteka Tanga, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwashusha askari wake kutoka Moshi kwa reli hii hii, wakawahi, na kikosi kilichokuwa kikubwa kuliko chao mara kadhaa kikarudishwa baharini. Katikati ya mapigano nyuki wakatoka mizingani wakamuuma kila waliyemkuta. Bila shaka bwana wa funguo hakuwepo, vinginevyo angewauliza nyuki nani amewapa kibali cha kuuma, na historia ya mji huu ingekuwa nyingine kabisa. Mleta uzi, ulipokuwa ukiwaeleza watoto, je, ulifika hapo, au ulikwama Korogwe?

Mwana wa Ngamiani

Nilikwama Korogwe kwa sababu nilikatizwa na mtu anayetafuna. Vita vya 1914 vilikuwa ndio mwisho mtamu niliouandaa. Nilikuwa nimepanga hata kuiga mlio wa nyuki.

Mzalia wa Forodhani

Nimefuatilia kimya, lakini sasa imenibidi niseme, kwa sababu dhuluma hii tumeizoea. Mnagombana Tanga na Dar es Salaam, mwaka 1893 na mwaka 1905, kana kwamba upande wa pili wa maji hakuna watu. Sayyid Barghash alikuwa na reli Unguja mwaka 1879, kutoka mjini kwenda kasri yake ya Chukwani. Baadaye, mwaka 1905, tukawa na treni ya Bububu iliyobeba abiria kweli. Leo mtu akifika Unguja anaonyeshwa viungo na fukwe, reli haitajwi. Malalamiko yangu ni makubwa kuliko ya kashata, na sijawahi kufunguliwa uzi.

Mwana wa Ngamiani

Ndugu yangu wa Forodhani, reli ya sultani kwenda nyumbani kwake haihesabiki, kama vile ngazi ya nyumba yangu haihesabiki kuwa barabara kuu. Nilizungumzia Bara. Nawaomba turudi kwenye mada.

Kaole Hadi Kiama

Ninyi watu wa Tanga mna bahati ya kuwa na mahali pa kutukanwa. Sisi wa Bagamoyo hata stesheni ya kuvunjiwa heshima hatunayo. Misafara mingi ya Ujiji na Tabora iliishia kwetu. Wapagazi waliteremsha meno ya tembo kwetu. Mwili wa Livingstone uliletwa kwetu mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Kisha Wajerumani, waliokuwa wamefanya makao kwetu, wakahamishia makao hayo Dar es Salaam mwaka 1891 kwa sababu ya bandari yenye kina, na reli ilipokuja ikafuata huko huko, ikafika Kigoma mwaka 1914 bila kutupungia hata mkono. Njia iliyopitwa kwa miguu vizazi kwa vizazi ikanyang'anywa mji wake. Mleta uzi analalamikia kashata. Sisi tumelalamikia jambo hili kwa zaidi ya karne na hakuna aliyekuja kutuuliza hata kibali.

Binti Chumbageni

Hapa sasa ndipo penye malalamiko ya watu wazima. Mleta uzi, jifunze.

Mkonge Mkavu

Naomba kuweka sawa jambo ambalo mleta uzi, pamoja na daftari la mpwa wake, amelisahau kabisa. Mwaka huohuo wa 1893 ndio Hindorf, yule mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alioleta miche ya mkonge katika nchi hii, na bila mkonge reli ya Tanga ingekuwa njia ya kupeleka barua Muheza. Mashamba yalipofunguka pande zote za mstari, mabehewa yalirudi bandarini yakiwa yamejaa singa, na bei ya singa ilipoporomoka baada ya nyuzi za viwandani kuingia sokoni, reli nayo ikaanza kukohoa. Mtu anayesimama pale na kuwaeleza watoto habari za kampuni iliyofilisika bila kutaja mkonge anastahili kukatizwa. Sisemi alistahili kukatizwa kwa kashata, lakini kukatizwa alistahili.

Mwana wa Ngamiani

Mkonge ulikuwa unafuata baada ya Korogwe! Kila kitu kilikuwa kinafuata baada ya Korogwe!

Msafiri wa Usiku

Kwa kuwa Korogwe imetajwa, naomba niseme la moyoni. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019, ikafika Arusha mwaka 2020, na sote tulishangilia. Lakini tazameni ramani. Inatoka Dar es Salaam kwa Reli ya Kati hadi Ruvu, inashika kile kipande kilichounganishwa mwaka 1963 hadi Mruazi, kisha inageukia Korogwe na kaskazini. Tanga inaachwa upande wa kulia. Reli iliyozaliwa Tanga inaendesha abiria, na Tanga haimo. Mimi ninapanda basi hadi Korogwe, nasubiri gizani na mabegi yangu, ili nipande treni kwenye reli ambayo babu zangu waliitandika kuanzia mlangoni kwao. Nani mwenye funguo za hilo?

Kota za Relwe

Umenena. Hili mbuzi wangu hawezi kushindana nalo.

Bibi wa Mombo

Wanangu, nimekuwa nikisoma tu. Huyo msafiri wa usiku namshukuru, kwa sababu amenikumbusha jambo langu. Katika treni hiyohiyo, safari ya kwenda kwa binti yangu Moshi, kijana mmoja alipanda Korogwe na gunia la machungwa, akaliweka kwenye kiti kilichokuwa kimekatiwa tiketi na mtu mwingine, na mwenye kiti alipofika kijana akamwambia kwamba machungwa yamelala, yasisumbuliwe. Mwenye kiti alisimama hadi Same. Mimi nilinyamaza kwa heshima, na nimejuta tangu hapo.

Msafiri wa Usiku

Shikamoo bibi. Machungwa hayo yalikuwa ya Muheza, na kijana huyo ninamfahamu. Hakulipia mzigo.

Bibi wa Mombo

Marahaba mwanangu. Nilijua! Mkaguzi alipopita alimenyewa mawili, akaendelea na safari yake.

Kaole Hadi Kiama

Mnaona? Wenzetu wana hadi machungwa yenye kiti. Bagamoyo tungekuwa na reli, hata samaki wangu angesafiri daraja la pili.

Mwana wa Ngamiani

Jamani, hayo ya machungwa yangefaa kufunguliwa uzi wake.

Binti Chumbageni

Uzi wa nini tena, na huu upo? Bibi, tafadhali endelea: baada ya Same ilikuwaje, na je, kijana aliwakaribisha?

Bibi wa Mombo

Alitukaribisha, mwanangu, lakini yalikuwa makali.